Waliokuja Kumwambia Nehemia

Somo: Nehemia 4:7-12, 5:1-19, 6:1-19



Padre wetu alitutaka tuandike neno la mwezi huu juu ya kuwaombea wenye mamlaka, nasi tukakubali upesi, maana tulidhani ni kazi rahisi. Kuwaombea viongozi ni jambo tulilolizoea. Kila Jumapili twawataja mbele ya altare, kuanzia Rais wa nchi mpaka yule wa chini kabisa. Lakini tulipokaa mezani kuandika tulishindwa kuendelea, kwa sababu kila mara tulimkumbuka mtu mmoja ambaye Jumapili tulimwombea na Jumatano tukamkana. Basi tutaanza na huyo, na habari ya maombi itakuja baadaye kama nafasi itabaki.

Wengi wenu mwatujua. Tulizaliwa upande wa Ludewa, kazi ya ualimu ikatuleta Tukuyu, tukafundisha shule za msingi, kisha tukawa wakufunzi katika chuo cha ualimu mpaka tukastaafu. Mtu tunayemsema tulimfundisha darasa la nne. Alikuwa mtoto mwenye mwandiko mzuri na mwoga sana wa radi, na radi za Rungwe mnazijua. Akakua, akasoma, akawa mtendaji wa kijiji. Kijiji chenyewe hatutakitaja, wala yeye hatutamtaja.

Kosa lake lilikuwa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza watu kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Sisi tunaoishi hapa twajua maana yake. Katika mabonde yetu yaliyobanana, ukipima mita 60 toka kijitoni umekwisha kuingia katika migomba ya mtu, pengine umefika mlangoni mwa jiko lake. Mtendaji aliagizwa apime, akapima. Watu wakanung'unika. Tena walikuwa na neno la haki, tusilifiche: ilisemekana kwamba lipo shamba la mtu mmoja mwenye uwezo ambalo kamba ililiruka. Neno hilo lilistahili kuulizwa katika mkutano wa kijiji, mbele yake, naye ajibu. Halikuulizwa huko. Likaenda kusemwa vilabuni na misibani.

Siku moja tulikuwa msibani, wanaume tumekaa kwenye mabenchi chini ya turubai, mvua inanyesha. Mtendaji akapita barabarani na pikipiki yake. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, mwambieni kijana yule sanda siku hizi si ghali, anunue mapema. Watu wakacheka. Na sisi tulicheka. Hatukucheka sana, lakini meno yetu yalionekana.

Baada ya hapo alianza kupata ujumbe katika simu yake kutoka namba asizozijua. Asubuhi moja akakuta mlangoni mwa ofisi yai limefungwa kwa kitambaa cheusi. Kisha usiku mmoja migomba yake yote iliyokuwa nyuma ya nyumba ikafyekwa, mingine ikiwa na mikungu yake. Mkewe akachukua watoto akaenda nao kwa wazazi wake Kyela. Alipokwenda polisi aliulizwa maswali ambayo askari yeyote angeuliza: nani alikutisha, lini, mahali gani, kwa maneno gani, nani mwingine alisikia? Ujumbe wa simu alikuwa ameufuta, maana mkewe alikuwa akiusoma na kulia. Yai alikuwa amelitupa chooni. Tarehe hakuzikumbuka.

Ndipo akaja kwetu, Jumatano jioni. Akatuamkia kama mtoto wa shule, shikamoo Mwalimu, akakaa, chai akaiacha ipoe. Akasema, Mwalimu, nasikia siku ile ya msiba ulikuwapo. Tukamjibu kwamba tulikaa mbali kidogo na mvua ilikuwa ikipiga turubai, hatukusikia vizuri.

Tulisikia vizuri sana. Baada ya muda akaomba uhamisho, akaondoka wilayani.

Sasa tufungue Nehemia. Kitabu hiki watu hukipenda kwa sababu ya ukuta, na wahubiri wengi hukitumia wakati wa kuchangisha fedha za ujenzi. Hatuwalaumu. Lakini ukisoma polepole utaona kwamba ni habari za mtumishi wa serikali aliyetishwa kazini. Nehemia aliwekwa na mfalme Artashasta wa Uajemi awe liwali katika nchi ya Yuda, akaishika kazi hiyo miaka 12. Hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa na ofisi, na barua za mfalme, na hesabu za watu, na adui watatu wanaotajwa kwa majina: Sanbalati, Tobia na Geshemu Mwarabu.

Tazameni jinsi anavyoandika. Sisi tuliofundisha miaka mingi twaijua tofauti kati ya mwanafunzi anayesema walinionea na mwanafunzi anayesema fulani alinipiga juzi baada ya kengele ya mapumziko, karibu na kisima, na fulani aliona. Nehemia ni wa namna ya pili. Anaeleza kwamba walimwita wakutane naye katika bonde la Ono, na kwamba walituma mara nne kwa neno lile lile, naye akawajibu mara nne kwa jibu lile lile. Anasema mara ya tano alikuja mtumishi wa Sanbalati mwenye barua mkononi, na barua ilikuwa wazi, haikutiwa muhuri. Anaandika yaliyomo, na nani alitajwa kuwa shahidi wa uvumi ule. Anamtaja Shemaya aliyeajiriwa kumwogofya ajifiche hekaluni, anamtaja na Noadia nabii mwanamke. Mwisho anasema Tobia alituma barua ili kumtia hofu. Katikati ya hayo anaandika kwamba ukuta ulimalizika tarehe 25 ya mwezi Eluli, kwa siku 52. Tukiitafuta leo habari ya waliomtisha liwali yule, miaka zaidi ya 2,400 imepita, bado twaijua kwa majina na kwa hesabu, kwa sababu aliyetishwa aliweka kumbukumbu.

Barua ile iliyo wazi inatupasa tuitazame kidogo. Kwa nini haikufungwa? Kwa sababu mwandishi alitaka kila aliyeishika njiani aisome, ili kabla haijamfikia Nehemia, mji mzima uwe umekwisha kunong'ona kwamba liwali ataka kujifanya mfalme. Kitisho kilikusudiwa kwa mmoja lakini kilipewa wengi wakibebe. Vijana wetu wanayo barua ya namna hiyo mifukoni mwao. Neno laandikwa katika kundi la simu, lasomwa na watu 200, nusu wanaweka alama ya kicheko, na mtu aliyetajwa ndiye wa mwisho kulipata. Wala wazee tusijione bora. Wenyeji wetu Wanyakyusa walikuwa na usemi wa kale juu ya pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya majirani ambayo huweza kumwangukia mkosaji kama baridi na kumtia ugonjwa. Bibi Monica Wilson, aliyekaa wilayani humu na mumewe katika miaka ya 1930, aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake kiitwacho Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Sisi Wakristo hatuiamini pumzi ile kama walivyoiamini wazee. Hata hivyo tumemwona mtu aliyeanza kukonda kwa manung'uniko, usingizi ukamtoka, mkono ukatetemeka akipiga muhuri.

Lakini tumekuja hasa kwa ajili ya mlango wa 4, mstari wa 12. Adui walipopanga kuja kwa siri na kuwaua wajenzi, Wayahudi waliokaa jirani na adui wale walikuja kumwambia Nehemia, na Biblia inasema walimwambia mara kumi. Hatuambiwi majina yao. Walikuwa watu wa vijijini, wenye mashamba karibu na mashamba ya Sanbalati, wanaopishana naye njiani na kusalimiana. Walijua wakionekana mjini wataulizwa walifuata nini. Walikuja mara ya kwanza, pengine waliambiwa asanteni nendeni. Wakaja mara ya pili, mara ya tano, mara ya kumi. Kwa neno lao Nehemia aliweka walinzi, na damu haikumwagika. Tunapousoma mstari huo sasa twaona aibu, maana sisi tulifuatwa nyumbani kwetu, tukaulizwa mara moja tu, tukasema hatukusikia.

Na kwa nini watu hunyamaza? Hofu ipo, ila mara nyingi sababu ni undugu. Someni mwisho wa mlango wa 6. Wakuu wa Yuda walikuwa wakiandikiana barua na Tobia, kwa sababu alikuwa mkwe wa Shekania, na mwanawe Yehohanani alikuwa amemwoa binti Meshulamu. Huyu Meshulamu ametajwa mlango wa 3 mara mbili kati ya wajenzi wa ukuta! Mchana anajenga, jioni anakula na mkwewe anayetaka ukuta ubomoke. Tena wakamsifu Tobia mbele ya Nehemia, na maneno ya Nehemia wakayapeleka kwa Tobia. Ninyi mnaoujua uzito wa ukwe katika nchi hii mnaelewa bila kufafanuliwa. Mtu yule aliyesema habari ya sanda, mjukuu wetu ameolewa katika ukoo wake. Hatulisemi hilo liwe udhuru. Tunalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kila mmoja wenu anaye Tobia wake.

Labda mtu atasema, Mwalimu anakuza mambo, maneno ya msibani ni maneno tu. Tumwombe atoke kidogo katika milima hii aende nasi mpaka Mkoa wa Pwani, wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Huko katika miaka ya 2016 na 2017 watu wenye silaha walikuwa wakija usiku, aghalabu kwa pikipiki, wakimwita mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, au mtendaji, au kiongozi wa tawi la chama, na kumwua kwake, mbele ya watu wake. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa mara moja katika shambulio la njiani wilayani Kibiti. Jumla ya waliouawa katika eneo lile ilipita 30. Viongozi wa vijiji walihama nyumba zao. Fikirini mwenyekiti wa kijiji ni nani: ni mkulima aliyechaguliwa na majirani zake, hana mshahara, hana mlinzi, ofisi yake mara nyingi ni chumba kimoja chenye meza na benchi. Barua ya kuandikisha mtoto shule hupitia kwake. Kesi ya mpaka hupitia kwake. Akikimbia yeye, mama mjane aliyenyang'anywa shamba ataanzia wapi?

Tena msidhani ni habari ya nchi maskini. Ujerumani, nchi ile iliyoujenga mji wetu huu na kuuita Neu-Langenburg, palikuwa na mkuu wa serikali wa eneo la Kassel jina lake Walter Lübcke. Mwezi Oktoba 1915 nchi ile ilikuwa vitani hapa kwetu. Miaka 100 baadaye, Oktoba 2015, bwana huyu alisimama katika mkutano wa wananchi katika mji mdogo wa Lohfelden kueleza juu ya makazi ya wakimbizi. Alizomewa. Akajibu kwamba imetupasa kusimama upande wa maadili yetu ya Kikristo, na asiyeyataka yuko huru kuondoka nchini. Kipande cha maneno yake kikasambazwa, vitisho vya kumwua vikamjia. Miaka ikapita, yeye akiendelea na kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 2019 alipigwa risasi ya kichwa akiwa kwenye baraza ya nyumba yake. Mtu aliyemwua, ambaye mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2021, alikuwapo katika mkutano ule wa Lohfelden, amesimama katikati ya watu. Miaka karibu minne ilikuwa kati ya neno na risasi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mwezi umepita, basi yamekwisha.

Sasa twende kwenye upande wa pili wa jambo, maana tusipousema tutakuwa wahubiri wa wakubwa. Mlango wa 5 wa Nehemia umewekwa katikati ya vitisho viwili, na haukuwekwa hapo bure. Humo watu wa kawaida na wake zao walipaza kilio kikubwa juu ya ndugu zao. Walisema wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wamekopa fedha kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanatiwa utumwani. Hicho kilikuwa kilio, tena kikali. Nehemia hakukiandika pamoja na vitisho. Alikasirika kwa ajili yao, akawaita wakuu mkutanoni, akawagombeza, mashamba yakarudishwa. Naye mwenyewe kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali, kwa sababu utumwa wa watu wake ulikuwa mzito. Kiongozi wa namna hiyo akija kuomba ulinzi wetu ana uso wa kuombea.

Tulipokuwa darasa la tano tulisikia redioni habari iliyonyamazisha kijiji kizima. Sikukuu ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu, aliuawa kwa bunduki kule Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi. Ilikuwa siku za kuanzisha mashamba ya ujamaa, na Mwamwindi alikuwa akilima. Walibishana shambani. Baada ya kuua, Mwamwindi aliichukua maiti kwa gari akaipeleka mwenyewe polisi Iringa. Katika kesi ilidaiwa kwamba alitukanwa na kuchokozwa. Mahakama haikuona kwamba hayo yanaondoa kosa, akahukumiwa kifo, naye akanyongwa. Baadaye chuo cha ualimu cha Iringa kikapewa jina la Kleruu, na walimu wengi waliopita humo wamevaa jina hilo kwenye vyeti vyao bila kujua lilikotoka. Sisi tuliwauliza wanafunzi wetu mara nyingi: nani alikosa Isimani? Walitaka jibu moja. Tulikataa kuwapa. Mtu aliuawa, na hilo ni dhambi isiyo na mjadala. Lakini shamba lilikuwa na mwenyewe, na ugomvi ule ulikuwa na chanzo, na kama pangekuwa na mahali ambapo mkulima yule angesikilizwa kabla ya sikukuu ile, labda nyumba mbili zisingelia.

Wala hatujasahau tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata, ambapo ofisi za umma na vituo vya polisi vilichomwa moto katika miji kadhaa ya nchi yetu na watu wengi waliuawa. Wazazi wengine wangali wanalia. Yako mengi ya kusemwa, na ukurasa huu hautoshi. Tunasema moja tu tulilolishuhudia maisha yetu yote: hasira iliyowashwa na mambo ya juu humwangukia aliye karibu, yule mwenye ofisi ya chumba kimoja.

Basi turudi nyumbani. Tumezungumza na Padre na wazee wa kanisa, nao wamekubali pawe na daftari. Liko katika sakristia, ndani ya kabati la vitabu vya ubatizo, na ufunguo anao mzee wa kanisa na mwingine anao mama mmoja wa Umoja wa Mama. Mtumishi yeyote wa umma katika eneo letu akitishwa, awe mtendaji, mwenyekiti, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati au bwana shamba, awe wa kanisa letu, awe ndugu yetu Mmoraviani, Mlutheri, Mkatoliki au Mwislamu, anaweza kuja au kutuma mtu. Naye aliyesikia kitisho anaweza kuja bila kutumwa. Anaandika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa bila kuyapamba, nani aliyasema kama anamjua, na nani wengine walikuwapo. Ujumbe wa simu usifutwe hata kama unaliza. Unanakiliwa pamoja na namba na saa yake. Yai, kitambaa, barua, vitu hivyo vipigwe picha kabla ya kutupwa. Yule aliyetishwa anapewa nakala aende nayo polisi, na kama akitaka, mmoja wa wazee atamsindikiza, maana kwenda peke yake ni kuzito. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inahesabu kuwa kosa kumtisha mtu kwamba utamdhuru. Hata anayetishia kwa uchawi ana kosa, kwa Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, basi mtu asione haya kulitaja lile yai.

Daftari lina ukurasa wa kushoto na wa kulia. Kulia kinaandikwa kitisho. Kushoto yanaandikwa malalamiko, kama yapo, yaliyo nyuma ya kitisho hicho: kamba iliyoruka shamba, risiti isiyotolewa, mchango usiosomewa hesabu. Malalamiko hayo Padre na wazee watamsaidia mlalamikaji kuyafikisha katika mkutano mkuu wa kijiji, au kwa diwani, au kwa Mkurugenzi. Kusema mtendaji ameiba, alete hesabu, hakuandikwi kulia hata siku moja, hata kama limesemwa kwa kelele. Mwananchi ana haki ya kupiga kelele. Tulibishana kidogo juu ya jambo hili na mzee mmoja aliyetaka matusi nayo yaandikwe. Tulimkatalia, kwa sababu twaujua udhaifu wa madaftari. Daftari la vitisho likiangukia mkono mbaya litageuka kuwa orodha ya watu wasiopendwa na wakubwa, na siku hiyo ni heri lichomwe.

Na kuandika kuna hatari yake, tusiwadanganye. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika katika gazeti la Mwananchi juu ya mauaji yale ya Kibiti, alichukuliwa tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana mpaka leo. Mwombeeni, na mkewe, na watoto. Kwa ajili hiyo daftari letu lina funguo mbili, na hakuna anayelazimishwa kuandika jina lake.

Juu ya maombi, ambayo ndiyo tuliyotumwa kuandika, nafasi imebaki ndogo. Nehemia alipopata barua iliyo wazi alimwomba Mungu amtie nguvu mikono yake, maombi ya maneno machache mno, kisha akarudi ukutani. Na mitume katika Matendo 4, walipotishwa na wakuu, walimwomba Bwana avitazame vitisho vile. Hawakuomba wenye kutisha wafe. Jumapili tutakapowataja wenye mamlaka, tunaomba pawe na kimya kidogo baada ya kumtaja Rais, kila mtu amtaje moyoni mtendaji na mwenyekiti wa kwake, kwa jina.

Mwezi uliopita tulimpigia simu kijana yule huko aliko. Tulimwambia kwamba tulisikia, na kwamba tulicheka. Alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, Mwalimu, ushahidi wa kortini hata sikuufikiria sana, nilitaka tu mtu mmoja aseme nimesikia, maana nilianza kudhani nina wazimu. Akauliza habari za goti letu. Akatutakia usiku mwema.

Siku ya pili tulikwenda sakristia tukaliomba lile daftari, likiwa bado jipya. Ukurasa wa kwanza, upande wa kulia, ni mwandiko wetu. Tumeandika mahali, tumeandika maneno yale ya sanda, tumeandika majina ya watu sita tuliokaa nao benchi moja, na la saba ni letu. Mahali pa tarehe tumeandika mwezi tu. Siku yenyewe tulijaribu sana kuikumbuka, tukashindwa. Kama yupo kati yenu aliyekuwa chini ya turubai lile na anaikumbuka, aje aijaze.